Naomba ushauri: mdogo wangu amemkana Kristo mbele ya ukoo, nasi tumenyang'anywa kila kitu. Hukumu ya mwisho inasema nini juu yetu sote?

Mwana wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa, na wazee waliomo humu, shikamooni. Ninaishi Mwanza, ambako ninafanya kazi ya kununua na kusafirisha dagaa, ila kwetu ni kijiji kimoja cha ufukweni upande wa Sengerema. Naomba mnisaidie kwa Maandiko na kwa yale mliyoyapitia, kwa maana jambo lililotupata limegusa imani, undugu na riziki kwa pamoja, na kila ninayemwuliza ana kwa ana hunijibu kwa hasira au hunionea huruma tu.

Marehemu baba yetu aliacha mitumbwi miwili ya dagaa pamoja na mashine, nyavu na taa zake. Yeye ndiye aliyekuwa akitambika kwa niaba ya ukoo, katika kibanda kilichoko nyuma ya mji wetu. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, na mdogo wangu ananifuata. Sote wawili tulibatizwa baba akiwa hai, naye hakutuzuia. Matanga yalipokwisha, baba zetu wadogo walikaa kikao wakaamua kwamba hakuna mtumbwi utakaoingia majini mpaka mmoja wetu ashike nafasi ya baba, yaani achinje mbuzi, amwage pombe pale kibandani, na atamke mbele ya ukoo kwamba ameyaacha mambo ya kanisa. Nilikataa. Tangu siku ile nyavu zilihamishwa, shamba la mihogo nililokuwa nikililima likapewa mtu mwingine, na mke wangu alipojifungua hakuna shangazi hata mmoja aliyekanyaga kwetu. Mama hunipigia kwa simu ya jirani akiuliza hali ya mjukuu wake, na huongea kwa sauti ya chini kwa sababu amekatazwa.

Mdogo wangu, ambaye hana kazi nyingine zaidi ya ziwa, alivumilia miezi mingi, kisha akakubali. Mama alinisimulia kwamba alipoambiwa atamke yale maneno alinyamaza muda mrefu, mbuzi akiwa amefungwa karibu na miguu yake, ndipo akayasema haraka haraka bila kuinua uso. Sasa mitumbwi anayo, lakini kanisani haendi tena. Vijana wa kwaya walimfuata mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, wakamsomea Ufunuo 21:8, pale panapowataja waoga kuwa wa kwanza katika orodha ya watakaotupwa katika ziwa liwakalo moto, wakamwambia jina lake limekwisha kufutwa. Nilipompigia simu alinijibu hivi: "Kaka, mimi nimeshahukumiwa, wewe jiokoe."

Ninayoomba kuelezwa ni haya. Kwanza, je, ni kweli kwamba mtu aliyemkana Bwana kwa kushurutishwa amekwisha kuhukumiwa? Pili, katika kikundi chetu cha maombi wapo wanaoomba moto uwashukie baba zangu wadogo, wakisema Mungu ni mwenye kisasi. Nami sijui kama niitikie amina. Tatu, sisi tunaobaki tutasimamaje, kwa sababu shinikizo halijaisha na bado naitwa kwenye vikao?

Msimamo Thabiti

Ndugu, pole sana kwa majaribu. Nitakujibu bila kuzunguka, kwa kuwa umeuliza juu ya uzima wa milele na mambo haya hayana kubembelezana. Bwana Yesu alisema katika Mathayo 10:33, "Bali mtu ye yote atakayenikana mbele ya watu, nami nitamkana mbele za Baba yangu aliye mbinguni." Hakusema isipokuwa mwenye watoto, wala hakusema isipokuwa mwenye njaa. Katika mstari wa 37 wa sura hiyo hiyo aliongeza kwamba anayempenda baba au mama kuliko yeye hamstahili. Tukianza kulipunguza neno hili kwa sababu aliyeanguka ni ndugu yetu, tutakuwa tunawadhulumu wale waliokubali kupoteza kila kitu, wewe mwenyewe ukiwa mmoja wao. Mdogo wako aliamua, na uamuzi una matunda yake. Mwambie atubu hadharani kama alivyokana hadharani, aachane na kile kibanda, na kabla ya hapo asipewe matumaini ya uongo.

Mama wa Igoma

Mwanangu, mimi si msomi wa Biblia, ila ninaisoma kila siku, na hukumu ninayoikuta katika Mathayo 25 haianzi kwa kuuliza nani alitamka nini. Mfalme anauliza juu ya njaa, kiu, uchi, ugonjwa na kifungo. Sasa mimi nawauliza hao vijana wa kwaya waliobeba Ufunuo mpaka mwaloni: zile nyavu zilipochukuliwa, ni nani kati yao aliyebeba debe la unga? Kijana alikaa miezi bila kuingia ziwani, watoto wakimtazama, na kanisa lipo pale pale kijijini. Ninyi mnaweza kumwuliza kwa nini alikubali, lakini naye ana haki ya kuwauliza mlikuwa wapi.

Sisemi alifanya vema. Alikosea, na anajua kwamba alikosea, ndiyo maana hainui uso. Nenda ukale kwake. Usiende na mafungu ya kumsomea, nenda na mkeo na mtoto mchanga, mkakae naye kutwa nzima.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu, marahaba. Nimesoma maneno yako mara mbili, na nimependa namna ulivyoyaandika bila kuwatukana baba zako wadogo.

Nitakueleza jambo lililotokea kwenye ziwa letu hili hili, kwa sababu watu wengi husherehekea sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni kila mwaka bila kujua kwamba sehemu ya habari ile ilipita huku kwetu kusini. Mapadre wa Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1882 mambo yalipokuwa magumu katika ikulu ya Kabaka (mfalme) Mutesa waliondoka, wakavuka ziwa, na mwaka uliofuata wakaanzisha misioni hapa Bukumbi, kusini ya mji wa Mwanza. Kule walikotoka walibaki Waganda wachache waliobatizwa, bila padre, bila Misa, wakifundishana wao kwa wao. Mapadre waliporudi mwaka 1885 hawakukuta kundi lililokufa, walikuta watu wameongezeka. Nakutajia hili kwanza kwa sababu umeuliza mtasimamaje: wale walisimama kwa kukusanyika na kufundishana majumbani, na kila mmoja aliujua udhaifu wa mwenzake.

Kisha yakaja mateso ya Kabaka Mwanga, kati ya mwaka 1885 na 1887. Waanglikana na Wakatoliki waliuawa pamoja. Wa kwanza walikuwa vijana watatu wa Kianglikana waliouawa Januari 1885. Novemba mwaka huo akauawa Yosefu Mukasa Balikuddembe. Na tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo. Katika hao yuko mmoja ambaye ningependa umsome kwa makini, Mbaga Tuzinde. Alikuwa amelelewa katika nyumba ya Mukajanga, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa wauaji. Mlezi wake alimsihi sana, akataka amfiche, akamtaka aseme neno moja tu la kuacha kusali. Mbaga alikataa, na Mukajanga, akiwa ameshindwa kumwokoa, aliagiza apigwe shingoni afe kwanza ndipo mwili wake utiwe motoni. Ninyi mnaosoma, tazameni kwamba jaribu la huyu kijana lilitoka kwa mtu aliyempenda. Jaribu la mdogo wako pia halikutoka kwa jeshi, lilitoka kwa baba zake wadogo wanaokula naye sahani moja, na hilo ni zito kuliko watu wanavyodhani.

Lakini sehemu ninayotaka uichukue kwa ajili ya swali lako la pili ni hii. Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe alipinduliwa. Alikimbia kwa mtumbwi mpaka huku kusini, akafikia Magu kwa wafanyabiashara Waarabu, akateseka huko, kisha akaomba hifadhi Bukumbi, kwa mapadre wale wale ambao wanafunzi wao aliwachoma moto miaka miwili tu iliyopita. Wakampokea. Mwaka 1889 ni Wakristo wa Buganda waliopigana ili arudi kwenye kiti chake, na hapo siasa ilikuwa na nguvu yake, sitaificha. Baadaye aligombana na Waingereza, akakamatwa mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni Shelisheli, akabatizwa huko kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Kama wale mapadre wangeomba moto ushuke juu ya ule mtumbwi ukiwa bado majini, na Mungu akawaitikia, huyo Danieli asingekuwapo. Mungu atamhukumu Mwanga kwa haki, kwa damu ya Namugongo na kwa machozi ya Shelisheli, na mimi sijui hesabu hiyo itakaaje. Kanisa linatufundisha katika Kanuni ya Imani kwamba Kristo atakuja kuwahukumu wazima na wafu, na kwa kukiri hivyo kila Jumapili tunakiri vilevile kwamba kiti kile si chetu.

Mwanafunzi wa Theolojia

Ninamshukuru Mzee Katekista. Naomba niongeze juu ya swali la kwanza, kwa sababu Kanisa lilikwisha kulijibu swali hili zamani sana, tena katikati ya mateso, halikulijibu likiwa limekaa kwa raha.

Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru kila raia wa dola ya Roma atoe sadaka kwa miungu mbele ya maofisa na apewe hati ya kuthibitisha kwamba ametoa. Wakristo wengi walisimama, wengine wakafungwa, wengine wakafa. Lakini wengi mno walianguka, na walianguka kwa namna mbalimbali: wapo waliokwenda wenyewe bila hata kuitwa, wapo waliokana baada ya kuteswa, na wapo waliohonga maofisa wakapata hati bila kutoa sadaka yoyote. Mateso yalipopungua, waliokuwa wameanguka walirudi mlangoni wakilia. Novasiani, padre wa huko Roma, alishikilia kwamba hawapokelewi tena, wamwachie Mungu. Kwa upande wa pili walikuwapo waliotaka wapokelewe siku hiyo hiyo kana kwamba hakuna kilichotokea. Sipriani, askofu wa Karthago, pamoja na maaskofu wenzake waliokutana mwaka 251, walikataa njia zote mbili. Waliwapokea waliopata hati kwa hila baada ya kila kesi kuchunguzwa. Waliotoa sadaka waliwapa toba ndefu. Na tishio la mateso mapya lilipokaribia waliamua kuwarudishia ushirika wote waliokuwa wakiendelea kutubu, wakisema kwamba mtu hawezi kutumwa vitani bila kupewa chakula. Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 258 kwa ajili ya imani yake, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba alikuwa mlegevu.

Ndugu Msimamo Thabiti amenukuu Mathayo 10:33, nami nalipokea neno hilo lote. Lakini mtu wa kwanza kulivunja alikuwa mmoja wa wale waliolisikia likitamkwa. Petro alikana mara tatu, na hakuwa ameshikiwa upanga, aliulizwa na kijakazi uani. Bwana alikuwa amemwambia kabla ya hapo, katika Luka 22:32, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Sikilizeni mpangilio wa maneno hayo: maombi yalitangulia anguko, na kazi ya kuwaimarisha wengine ilikwisha kupangwa kabla jogoo hajawika. Kwa hiyo Mathayo 10:33 inamhusu mtu anayemkana Bwana na kukaa katika kukana kwake mpaka mwisho, asitake kurudi. Wale waoga wa Ufunuo 21:8 nao ni hao. Kitabu cha Ufunuo kiliandikiwa makanisa saba yaliyokuwa bado hai na yenye makosa yao, na barua nyingi kati ya hizo saba zina neno "tubu". Huwezi kumwambia mtu atubu kama jina lake limekwisha kufutwa.

Msimamo Thabiti

Nimekusoma, ndugu mwanafunzi. Bado nina hofu kwamba tukisema hivi mbele ya watu wanaoshinikizwa leo, wengine watasema basi nikubali sasa, nitatubu baadaye. Mtu hajui kama atapata hiyo baadaye. Waebrania 9:27 inasema watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu; na sisi wa ziwani tunajua namna mtu anavyoweza kuondoka jioni akiwa mzima.

Mwanafunzi wa Theolojia

Hofu yako ni ya haki, na Sipriani aliogopa jambo hilo hilo, ndiyo maana toba yake haikuwa ya dakika moja. Anayepanga kukana leo ili atubu kesho anamchezea Mungu, nami nisingethubutu kumfariji. Mdogo wa ndugu yetu hakupanga hivyo. Yeye ameangukia upande wa pili, hatumaini kabisa. Neno lile lile ambalo lingemwamsha mwenye kiburi linamzamisha huyu.

Msomaji wa Nyakato

Mimi ni Msabato, na kuhusu moto wa mwisho tunatofautiana na wengi wenu, kwa kuwa tunafundisha kwamba wafu wamelala mpaka ufufuo na kwamba waovu watateketezwa na kukoma, hawatateswa milele. Siendelei na hilo kwa sababu si swali lililoulizwa. Nilitaka kusema kwamba katika yale tunayokubaliana, wale mashahidi watatu wa Danieli 3 walimwambia Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako." Kusimama kwao hakukutegemea mitumbwi kurudishwa. Wahubiri wetu wengi siku hizi huahidi kwamba ukisimama utalipwa mara mbili mwaka huu huu, na kijana aliyelelewa kwa ahadi hiyo, malipo yakichelewa, hana pa kushika.

Mwana wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Nimewasoma wote, na mke wangu amewasoma pia. Mama wa Igoma, neno lako la unga limenigusa. Nilikuwa nikimtumia mdogo wangu kidogo kidogo, lakini kwa kanisa ni kweli hakuna aliyekwenda, nami nitalipeleka jambo hili kwa wazee wa kanisa kwa heshima.

Mzee Katekista, shikamoo tena. Habari ya Mwanga kupokelewa Bukumbi sikuwahi kuisikia, ingawa nimepita njia ya Usagara mara nyingi. Naomba nielewe zaidi: ikiwa nisiombe moto uwashukie, je, ni dhambi kutamani haki? Kwa maana baba yangu mdogo mmoja ananivunjia hata salamu, na shamba lile nililipanda kwa mikono yangu.

Halafu nina swali dogo ambalo linanisumbua kuliko yale makubwa. Nikienda kwa mdogo wangu nitapewa nyama. Sijui kama itakuwa ya kawaida au ya kibandani. Nile au nisile?

Katekista Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Kutamani haki si dhambi. Katika Ufunuo 6 roho za waliochinjwa kwa ajili ya neno la Mungu ziko chini ya madhabahu, zinalia kwa sauti kuu zikiuliza mpaka lini Bwana hatahukumu na kuidai damu yao. Nazo ni za watakatifu, ziko mbinguni, na bado zinauliza. Hazikukemewa. Zilipewa mavazi meupe, zikaambiwa zipumzike bado muda mchache. Kwa hiyo lia, dai, taja shamba lako kwa jina mbele za Mungu, kisha liache kwake. Mtume Paulo anasema katika Warumi 12:19, "msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu," na mstari unaofuata unakuagiza umlishe adui yako akiwa na njaa. Hiyo ndiyo kazi ya fundisho la hukumu kwa mtu anayeteswa: anaweza kuacha kujilipizia kisasi kwa sababu anajua kesi yake imesajiliwa mahali pasipo na rushwa. Yakobo na Yohana waliomba moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria kilichowanyima mahali pa kulala, na Bwana aliwageukia akawakemea. Kwa hiyo kikundi chako kikianza ombi lile, usiitikie amina. Omba wewe kwa sauti kwamba baba zako wadogo waongoke.

Na mke wako akipata nafasi, atume salamu kwa mashangazi, hata wasipojibu.

Mwanafunzi wa Theolojia

Swali la nyama si dogo, Paulo aliliandikia sura nzima. Katika 1 Wakorintho 10 anasema nyama iuzwayo sokoni kuleni bila kuuliza, na mtu asiyeamini akiwaalika nanyi mkapenda kwenda, kuleni kila kitu kiwekwacho mbele yenu bila kuuliza. Lakini mtu akikuambia kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka, usile, kwa ajili yake yeye aliyekuambia na kwa ajili ya dhamiri. Kwa hiyo ukiandaliwa chakula nyumbani kwa mdogo wako, kula kwa shukrani wala usimhoji jikoni. Baba mdogo akileta sahani akatangaza kwamba hii ndiyo ya kibandani na kuila ni kukubali, irudishe kwa adabu, ukae hapo hapo uendelee na mazungumzo.

Naongeza onyo moja kutoka katika habari za Polikarpo, askofu wa Smirna, lile kanisa lililoambiwa katika Ufunuo 2:10, "Uwe mwaminifu hata kufa, nami nitakupa taji ya uzima." Polikarpo alichomwa moto akiwa mzee sana, yapata mwaka 155. Liwali alipomtishia moto, alijibu kwamba moto ule huwaka kwa muda kisha huzimika, lakini liwali haujui moto wa hukumu ijayo. Ila Wakristo walioandika habari hizo walimtaja pia mtu mmoja aliyeitwa Kwinto, aliyejipeleka mwenyewe kwa watesi na kuwashawishi wengine wajipeleke, kisha alipowaona wanyama wa mwituni akaogopa, akaapa na kutoa sadaka. Nao wakaandika wazi kwamba hawawasifu wanaojipeleka. Polikarpo mwenyewe alikubali kwanza kufichwa shambani. Kwa hiyo usiende kwenye vikao kutafuta mapambano ili uonekane shujaa. Ukiitwa, nenda na mtu mmoja wa kanisa mwenye busara, ujibu kwa upole, na ikiwezekana kutokwenda, usiende.

Karani wa Zamani

Salaam kwenu. Nimefanya kazi mahakamani miaka mingi, nami nina swali kabla ya ushauri: je, tumetenganisha mateso kwa ajili ya Kristo na ugomvi wa mirathi? Petro anatuonya katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, kwamba mtu asiteswe kwa uovu wake mwenyewe akadhani ni kwa ajili ya jina la Bwana. Kwa jinsi ulivyoeleza, hapa yamo yote mawili. Kulazimishwa kukana imani ni mateso. Nyavu, mashine na shamba ni mirathi, na kuidai kwa njia halali si kukosa imani. Paulo alipoona haki inapindishwa alikata rufani kwa Kaisari.

Kwa kuwa marehemu aliishi kwa mila, shauri la mirathi yake hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi. Utahitaji cheti cha kifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo husaidia, lakini anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, si kikao. Tangazo hutolewa, na mwenye pingamizi huja kulisema. Mdogo wako na mama yako wana haki zao humo, kwa hiyo usifungue shauri kwa kumshitukiza mdogo wako, asije akadhani unamnyang'anya kile alichokinunua kwa bei kubwa namna ile. Zungumzeni kwanza.

Mwana wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Ahsante sana, mzee. Nimempigia mdogo wangu jana usiku, nikamwambia tunakuja sote watatu, hatuji kumhubiria. Alikaa kimya kisha akauliza mtoto amefanana na nani. Nilimwambia aje aone mwenyewe. Ameniambia pia kwamba baba zetu wadogo wameandika muhtasari wa kikao na wanataka sahihi yangu nikifika, wakidai ni kwa ajili ya kugawana mali tu.

Naomba Mwanafunzi wa Theolojia aniambie tukipata nafasi ya kusoma pamoja tuanze wapi.

Mwanafunzi wa Theolojia

Anzeni na Luka 22 kuanzia mstari wa 31 hadi 62, halafu Yohana 21. Akitaka kuendelea mwenyewe, 2 Timotheo 2:11-13, na msimwondolee ule mstari mkali wa katikati, kwa sababu unaofuata unasema yeye hudumu wa kuaminiwa. Ufunuo acheni mpaka aombe mwenyewe. Akiwa tayari kutubu, amtafute mchungaji wake, na toba hiyo iwe na maneno yake mwenyewe, asiandikiwe na vijana wa kwaya. Suala la kibanda na nafasi aliyopewa litakuja hapo, nalo halikwepeki, lakini litakuwa jepesi kama atakuwa na watu wa kubeba naye hasara.

Karani wa Zamani

Kuhusu muhtasari: usiweke sahihi siku hiyo. Omba nakala uisome nyumbani, mstari kwa mstari, ukiwa na mtu anayejua kusoma hati. Nimeona mihtasari mingi ambayo ukurasa wa kwanza ni mali na ukurasa wa pili ni masharti. Kama kuna kifungu kinachosema warithi wamekubali kurudi kwenye mila na kuacha dini, waambie kifungu hicho kiondolewe. Mahakama haikihitaji ili kumteua msimamizi, na Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa imani yake. Wakikataa kukiondoa, usisaini, na uwaombe waandike kwamba hukusaini kwa sababu hiyo. Mwambie na mdogo wako, kama naye aliwahi kusaini muhtasari wowote, aombe nakala yake.